Mwaka Tulipopima Nyumba kwa Mapaa

Siku yangu ya kwanza kazini niliumwa na mbwa kabla sijapima hata ukuta mmoja. Nalisema hili mapema kwa sababu ninyi vijana wa idara ya majengo, mlioniaga juzi kwa soda na saa ya ukutani, mlizungumza kana kwamba nilizaliwa na futi kamba mkononi. Nilizaliwa Ushirombo, kwa Wasumbwa, wazazi wangu wakulima wa mihogo na watu wa misa kila Jumapili. Nilifika katika huu mji wetu mdogo miaka michache baada ya Uhuru, nikiwa na cheti cha darasa la nane na viatu vya kuazima. Mji wenyewe sitautaja jina. Uko njia ya kutoka Shinyanga kwenda Geita, mnaujua, na baadhi ya waliohusika na haya bado wana wajukuu hapo.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vilikuja vilipotaka, na mishahara ni kama hiyo yenu, kwa hiyo hamna cha kujifunza kwangu.

Halmashauri ya mji ilitoza kodi ya nyumba kwa ukubwa, kwa futi za mraba. Kazi yetu ilikuwa kwenda nyumba hadi nyumba, kupima urefu na upana, na kuandika kitabuni. Tulikuwa wawili tu. Mkubwa wangu alikuwa Mzee Lusangija, Msukuma wa Didia, mrefu, mkavu, mtu wa sauti ya chini. Mtaani aliitwa Baba Kulwa, kwa jina la bintiye wa pekee. Kulwa alizaliwa pacha, lakini mwenzake Doto hakufikisha mwaka.

Mbwa aliyeniuma alikuwa na haki. Niliingia uani kwa watu nikinyoosha futi, bila hodi ya maana. Mzee alinifunga kitambaa mguuni, akanirudisha hadi barabarani, tukaanza upya. "Ukifika kwa mtu, futi inakaa mfukoni," aliniambia. "Unabisha hodi, unaamkia, unakaribishwa, unapewa maji unakunywa. Ukimaliza maji ndipo unamwambia umekuja kupima. Hata kama ana hasira, ameshakupa maji, hawezi tena kukuachia mbwa." Kwa miaka yote niliyofanya kazi hii nimekunywa maji mengi ya mtungini ambayo tumbo langu halikuyataka, lakini sikuumwa tena.

Futi yenyewe ilikuwa ya kitambaa, ya enzi za wakoloni, ndani ya kibweta cha ngozi. Kipande chake cha mwanzo, cha futi moja, kilikuwa kimekatika zamani. Tulianzia kwenye alama ya moja, na mwisho wa hesabu tukatoa moja. Katika mwezi wangu wa kwanza nilisahau kutoa, na muuza nyama mmoja akalipia futi ambayo hakuijenga. Mzee alipoigundua alinitembeza kwa miguu hadi buchani nikaombe radhi mbele ya wateja. Njiani nililalamika kwamba ni futi moja tu. "Kwako ni moja," alisema. "Yeye kajenga zote."

Tulipima kuta. Hilo lilikuwa ndilo somo lake kubwa, kona hadi kona ya ukuta, hakuna zaidi. Upenu, yaani ile sehemu ya paa inayotoka nje ya ukuta, hatukuugusa. Mji wetu umekaa juu ya udongo mweusi wa mbuga, unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, na enzi hizo watu wengi walijenga kwa tofali mbichi za udongo. Ukuta wa namna hiyo adui yake ni mvua. Kwa hiyo wajenzi wetu waliutoa upenu mbali, futi tatu, wengine nne, ili maji yaangukie mbali na ukuta. Mtu akijenga kwa saruji hana haja na upenu mkubwa. Wenye maduka pale barabara kuu hawakuwa nao kabisa, kuta zao za mbele zilipanda juu na kulificha paa. Jambo hili mlikumbuke, kwa sababu mimi nililijua vizuri kuliko mtu yeyote pale ofisini, na bado nilifanya nilichofanya.

Mwaka wangu wa tatu kazini ilikuja habari ya kampuni. Ilikuwa kampuni kubwa, ikitaka kujenga kiwanda cha kukamua mafuta ya mbegu za pamba na kupika sabuni. Meneja wake alikuja na gari jeupe na ramani. Kwenye ramani miji mitatu ilikuwa imezungushiwa duara la penseli nyekundu, na wetu ulikuwa mmojawapo. Alieleza kwa upole kwamba kampuni itaenda pale itakapopokewa vizuri zaidi. Alitaka kiwanja cha bure, barabara ya changarawe hadi mlangoni, bomba la maji la kwake peke yake, na kusamehewa kodi zote za mji kwa miaka mitano. Badala yake angetoa kazi kwa mamia ya watu.

Msinicheke mkisikia kwamba nilitaka kampuni ije, tena kwa moyo wote. Nilikuwa kijana katika mji ambao jengo lake refu lilikuwa mnara wa kanisa, na kila mwaka niliona vijana wenzangu wakienda kuchimba dhahabu maporini na kurudi na kikohozi. Nilitaka kusikia king'ora cha kiwanda asubuhi kama miji mingine. Kwenye kikao cha madiwani tulikaa nyuma, mimi na Mzee, maana aliitwa aseme ukubwa wa majengo yanayokusudiwa. Alisimama, akasema futi. Kisha badala ya kukaa, akauliza.

"Ndugu Mwenyekiti, hilo bomba na hiyo barabara, kama mwenyewe halipi, nani analipa?"

"Mji utalipa, Mzee."

"Mji ni nani?"

Madiwani wengine walicheka. Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka kuulizwa mtaani maendeleo yako wapi. Akasema, "Mzee Lusangija, umeitwa kupima, si kufikiri. Tukikataa sisi, wenzetu watakubali kesho asubuhi." Hapo alikuwa na haki, wangekubali. Mzee akakaa. Kura zilipopigwa ukumbi ukapiga makofi, na mimi nikapiga. Mzee aliniangalia mikono.

Kiwanda kilijengwa, na nisiwe mchoyo wa ukweli, kazi zilikuwepo. Hazikuwa mamia yale, na mafundi walikuja na kampuni, lakini watu wa mji walipata kubeba magunia, kulinda mageti, na vijana kadhaa walijifunza kufunga mashine, ufundi unaowalisha mpaka leo. Mke wangu alifulia sabuni yetu wenyewe na alijivunia. King'ora kililia. Nilikisikia kila asubuhi nikiwa navaa viatu, nikaona nimeingia katika mji wa kweli.

Mwaka wa pili wenye vinu vya pamba walikuja ofisini kuuliza kwa nini mgeni asamehewe na wao waliokuwepo tangu zamani walipe. Wakapunguziwa nusu. Wenye maduka wakafuata. Wakati huohuo bomba la kampuni lilikuwa linalipiwa, na barabara yake ikaharibiwa na malori yake ikahitaji changarawe tena. Zahanati ya mji ilikaa bila dawa ya vidonda. Mafundi bomba wa halmashauri walikaa miezi bila mishahara. Mwaka huo ndio Mzee Lusangija alistaafu, akapewa kiinua mgongo kidogo, akarudi kwenye nyumba yake ya tofali mbichi aliyoijenga mwenyewe pale bondeni. Mimi nikarithi kibweta cha futi.

Wiki chache baadaye Karani Mkuu wa halmashauri aliniita. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye kalamu tatu mfukoni, na siku hiyo uso wake ulikuwa umeshuka. Alisema mji lazima upate zaidi kutoka kwenye nyumba, lakini madiwani wameapa hawatapandisha kiwango cha kodi, maana uchaguzi unakuja. "Nyumba haziongezeki," alisema. "Wewe ndiye mpimaji. Futi zinaweza kuongezeka vipi?"

Laiti ningekaa kimya. Ningesema sijui, angeuliza mwingine, na labda mwingine naye asingejua. Lakini ilikuwa mara ya kwanza mkubwa yule kuniuliza mimi kitu, nami nilikuwa na jibu mdomoni. Nilimwambia, tena kwa furaha ya mwanafunzi aliyejua hesabu, kwamba tunaweza kupima paa badala ya ukuta. Kutoka ncha ya upenu hadi ncha ya upenu. Nikaongeza kwamba ni rahisi hata kwa mpimaji, haingii uani, hahangaiki na mbwa.

Karani akatabasamu. Amri ilitoka mwezi uleule, kwa taipureta, na jina langu halikuwemo. Wakati ule niliona nimedhulumiwa sifa.

Nilianza kupima kwa mapaa, na ndani ya siku mbili nilielewa nilichofanya. Duka la saruji barabara kuu lilibaki na futi zake zilezile. Nyumba ya udongo ya mjane nyuma ya soko iliongezeka karibu mara mbili. Kiwanda sikukipima, kilikuwa kimesamehewa. Niliandika kitabuni nyumba baada ya nyumba, na kila aliyekuwa maskini zaidi ndiye aliyeongezeka zaidi, kwa sababu ndiye aliyehitaji upenu. Watu waliuliza, "Mwanangu, chini ya upenu analala nani?" Nilijibu kwamba ni amri ya ofisi.

Nyumba ya Mzee niliiacha mwisho. Nilibisha hodi, nikampa shikamoo, mkewe akaniletea maji na bakuli la michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa. Mama Kulwa alikuwa mwanamke mfupi, mcheshi, aliyenitania kila mara kwamba sisi Wasumbwa tunakula kama mchwa, kimyakimya mpaka kitanda kinaisha. Kulwa alikuwa na miaka kama kumi, alikuwa shuleni. Nilimaliza maji. Nikatoa futi.

Kwa ukuta, nyumba ile ilikuwa ishirini na nne kwa kumi na nane. Kwa paa, ilikuwa thelathini na mbili kwa ishirini na sita. Mzee alinishikia ncha ya pili kama zamani, akasoma namba kwa sauti, akapiga hesabu kichwani kabla sijafungua kitabu.

"Nani kaleta akili hii?" aliuliza.

"Ni amri ya ofisi, Mzee."

"Ofisi haijui upenu. Ofisi inakaa kwenye saruji." Aliniangalia kwa muda. Nadhani alijua. "Haya, ng'wanawane, mwanangu. Andika kama ilivyo."

Sikulala vizuri wiki ile. Kodi ile mpya asingeiweza, na nyumba iliyoshindwa kulipiwa miaka miwili ilipigwa mnada, wote tuliliona hilo. Jumamosi nilirudi kwake na msumeno na mkasi wa bati niliouazima kwa fundi wa misheni. Nilimweleza mpango wangu: tukate upenu ubaki futi moja pande zote, niipime upya, kodi irudi karibu na ilivyokuwa. Wenye nyumba kadhaa mtaani walikuwa wameshafanya hivyo.

Mzee alikataa. Aliniambia ukuta wa udongo bila upenu hauna maisha, na mvua ziko karibu. Nikamwambia nitaleta saruji mifuko mitatu tuupake ukuta kwa nje kabla ya mvua. Nilimwapia kwa Bikira Maria. Aliutazama ukuta alioujenga kwa mikono yake, kisha akasema, "Sina la kulipia, Deusi. Ningekuwa nalo nisingekusikiliza." Akakubali.

Kazi ilichukua mchana wote, Mzee akinishikia ngazi. Niling'oa misumari ya bati za chini, nikakata ncha za kenchi moja moja, nikapunguza bati kwa mkasi, nikapigilia tena. Mama Kulwa alitoka jikoni akasimama uani, mikono kiunoni, akaitazama nyumba yake.

"Baba, mmeivua nguo," alimwambia mumewe. "Sasa ukuta utaoga."

"Tutauvika saruji, mama," nilimjibu.

"Wabeja," alisema. Yaani asante. Akaingia ndani.

Jumatatu yake niliipima nyumba ile kwa paa jipya, nikaandika, kodi ikashuka. Nilitembea kwenda ofisini nikiwa mwepesi, nikiamini nimerekebisha kosa langu bila mtu kujua kwamba lilikuwa langu.

Saruji sikuipeleka. Nitasema sababu, na mtaona hazitoshi. Mwezi ule saruji ilikuwa adimu dukani, kiasi kikubwa kilichofika kilichukuliwa na kiwanda kwa ajili ya ghala lake jipya. Nikasema nitangoja mzigo unaofuata. Mzigo ulikuja na mimi nilikuwa nimepelekwa vijiji vya jirani kupima maghala ya pamba. Niliporudi mke wangu alikuwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza, nikatumia nilichokuwa nacho kwa ubatizo. Mvua kwetu huanza Novemba, na nilikuwa nahesabu kwamba nina wiki mbili. Mwaka ule ilitangulia.

Haikuwa mvua kubwa. Ilikuwa manyunyu ya siku tatu yasiyokatika, na hayo ndiyo mabaya kwa udongo, yanauingia polepole. Siku ya nne, saa tano za mchana, niko ofisini, alikuja jirani yake Mzee akiwa na matope hadi magotini. Ukuta wa upande wa magharibi ulikuwa umelainika chini ukaangukia ndani. Mama Kulwa alikuwa na homa, amelala kitandani kando ya ukuta huo.

Nilikimbia. Nilikuta wanaume wakichimbua kwa majembe na mikono, na Mzee akiwa katikati yao, anatoa udongo tu. Tulimtoa, lakini alikuwa ameshakufa. Kulwa alikuja kutoka shuleni akiwa na sare iliyolowa, na mwanamke mmoja akamkumbatia kumzuia asione. Aliona.

Baada ya mazishi, kabla hata matanga hayajavunjwa, halmashauri ilituma watu kuandika taarifa. Nyumba tatu nyingine zilikuwa zimeanguka wiki ileile, na watu walianza kuitaja amri ya mapaa kwa sauti. Tulikwenda Bwana Afya, Karani Mkuu, na mimi, kwa kuwa ndimi mpimaji. Waombolezaji walikuwa wamekaa kwenye mikeka. Kulwa alikuwa pembeni ya baba yake, amemshika shati.

"Mzee Lusangija," Karani alisema, "paa hili lilipunguzwa bila kibali. Nani alilipunguza?"

Nilikuwa nimesimama hatua mbili nyuma yake na kitabu mkononi. Mtumishi wa halmashauri aliyemsaidia mtu kukwepa kodi alifukuzwa kazi siku hiyohiyo, tena angeweza kufungwa. Mtoto wangu alikuwa na wiki tatu. Nilifungua mdomo, na ninawaapia nilikuwa naufungua ili niseme, lakini Mzee alinikazia jicho, akamjibu Karani.

"Ni mimi."

Kulwa aliliachia shati la baba yake. Sikumbuki kitu kingine cha siku ile vizuri kama vidole vile vikifunguka.

Karani akaniambia niandike. Niliandika kwa mkono wangu: Sababu ya kuanguka, mwenye nyumba alipunguza paa bila kibali. Tulipoondoka nilibaki nyuma nikamwambia Mzee kwamba nitarudi ofisini kuyafuta. Alinishika bega. "Wakikufukuza, mke wangu atafufuka?" aliuliza. "Nenda kwa mtoto wako." Nikaenda. Nilijiambia ni yeye aliyenikataza, na kwa miaka mingi jibu hilo lilinitosha mchana.

Kampuni ilikaa miaka yake mitano na miezi miwili. Msamaha ulipokwisha ilitaka mwingine, halmashauri haikuwa na cha kutoa, na mji mmoja katika ile iliyozungushiwa penseli ulikuwa umeahidi miaka kumi. Malori yalikuja kufungua mashine. Nilitumwa kupima majengo ili hatimaye yaanze kutozwa. Nilipima siku nzima, ndilo jengo kubwa kuliko yote niliyowahi kupima, na mlinzi wa mwisho alinishikia futi akiniuliza kama nimesikia kazi mahali. Nilipeleka hesabu ofisini. Hakukuwa na wa kupelekewa hati ya kodi. Amri ya mapaa ilifutwa mwaka huo kimyakimya, tukarudi kwenye kuta.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini halmashauri za miji zikavunjwa nchi nzima, nikahamishiwa mkoani. Nilipima shule, maghala, zahanati. Kuna mwaka nilitumwa kwenye machimbo upande wa Mwakitolyo, nikakuta watu wamelala chini ya maturubai, hakuna ukuta hata mmoja wa kupima, nikarudi na kitabu cheupe. Halmashauri zilipoanzishwa tena miaka ya themanini nikarudi hapa kumalizia. Mengi ya miaka hiyo mnayajua, na yasiyojulikana hayana uzito.

Sasa mmeniuliza, maana kuna kampuni nyingine imeleta barua na ramani, mnapaswa kuishauri nini halmashauri. Sitawaambia mkatae. Njaa ya kazi ninaiona vijiweni kila nikipita, na sijasahau jinsi nilivyokipenda kile king'ora. Lakini kodi anayosamehewa mkubwa haipotei hewani. Inatafuta pa kulala, na atakayetumwa kuitafutia ni mmoja wenu, mwenye futi mkononi na hamu ya kumpendeza bosi. Kabla madiwani hawajapiga makofi, waambieni watembee nanyi hadi kwenye nyumba ambayo futi zake zitaongezeka. Wakanywe maji hapo kwanza.

Mzee Lusangija alikufa mwaka juzi. Tangu siku ile ya mikeka bintiye alilelewa na mama yake mdogo Mhunze, akasoma, akawa mwalimu hukohuko. Alikuja kumwona baba yake mara chache, hakulala hata siku moja. Mzee alijenga upya chumba kimoja akaishi humo peke yake. Kila Jumapili nilimpelekea sukari na kila Jumapili nilidhani leo nitamwomba ruhusa nimwambie Kulwa. Tulizungumza habari za mvua na bei ya pamba. Katika miaka yote hiyo hakuligusa, na mimi nilikuwa mwoga, nikauita uoga wangu heshima.

Msibani Kulwa alinipigia magoti akaniamkia, akanishukuru kwa kumtunza mzee. Kisha akasema, macho makavu, "Mzee Deusi, mimi sikuwahi kumsamehe. Alimuua mama ili asilipe kodi." Nilikuwa na umri wa kutosha, mtoto wangu ni mtu mzima, kazi ilikuwa inakaribia ukingoni, hakuna aliyeweza kunifukuza popote. Nilimwambia, "Pole, mwanangu."

Nakala ya kwanza ya karatasi hizi haiji kwenu. Kesho naipeleka Mhunze kwa mkono wangu, na nitakaa mlangoni mpaka aimalize. Mwalimu Kulwa, msumeno nilishika mimi, saruji niliahidi mimi, na akili ya kupima mapaa ilitoka kinywani mwangu. Baba yako alishika ngazi tu, na hata hiyo alishika kwa sababu nilimwomba.